Mbwa wa Wasafiri

Mbwa wa mtaa wetu wakiachwa peke yao walikuwa wanaharibu. Walitafuna milango. Walifukua vizingiti. Walikojolea viti vya wageni. Na zaidi ya yote walilia. Sisemi kubweka, maana kubweka ni kazi ya mbwa na hakuna aliyewahi kumshitaki mbwa kwa kubweka. Walilia, sauti ndefu inayopanda na kushuka, tangu mtu wa mwisho anapofunga mlango mpaka wa kwanza anaporudi kuufungua.

Nchi yenyewe iko mbali na hapa. Ukiona inafanana na unayoijua, ni macho yako, nenda kayasafishe. Ni nchi tulivu. Hata wizara yake kubwa kuliko zote inaitwa Wizara ya Utulivu, ina ghorofa nyingi na madirisha machache.

Kila Jumamosi asubuhi watu wote wa nchi hiyo wanakwenda uwanjani kumshukuru Mlezi wa Taifa. Siku hiyo inaitwa Shukrani. Hakuna anayelazimishwa. Asiyekwenda anaulizwa tu kwa nini hakwenda, na anaendelea kuulizwa. Mgonjwa anaruhusiwa kubaki nyumbani akileta barua ya daktari, ila daktari naye Jumamosi yuko uwanjani, na ukimwendea siku nyingine anakuuliza umejuaje leo kwamba Jumamosi utaumwa. Kwa hiyo wagonjwa wanakuja, wengine kwa mikokoteni, na wanashukuru wakiwa wamelala.

Shukrani hurushwa redioni moja kwa moja, mtaa kwa zamu, ili Mlezi anayesikiliza akinywa chai ajue jinsi anavyopendwa. Uwanja wetu uko bondeni na nyumba ziko juu yake pande zote. Ilipofika zamu yetu, Mlezi akasikia shukrani, na nyuma ya shukrani akasikia mbwa. Inasemekana aliweka kikombe chini akauliza, "Hao wanalia nini?" Mezani walikuwepo mawaziri wote. Mmoja akajibu kwamba pengine ni furaha. Huyo hakuonekana tena mezani, na waliobaki wakaafikiana kwamba ni utovu wa nidhamu.

*

Jambo jingine la kujua kuhusu nchi hiyo ni kwamba watu wake wanasafiri sana. Kijana anaweza kuwa amekaa gengeni anakunywa uji, gari linasimama, wanaume wawili wenye adabu wanashuka, wanamsalimia kwa jina lake na la baba yake, na tayari amesafiri. Majirani wakija kwa mama yake hawasemi pole. Wanasema, "Safari njema kwake." Mama anajibu, "Asante, atafika." Wanakunywa chai, wanazungumzia bei ya unga, wanaondoka.

Na nguo za msafiri hazianikwi. Hilo hakulitunga waziri, tulilitunga wenyewe. Nguo ikifuliwa na kuanikwa, maana yake mwenyewe anangojewa. Ukimngojea mtu unasema amechelewa, na ukisema amechelewa unamlaumu aliyeendesha gari. Kwa hiyo nguo za wasafiri zinakaa sandukuni chini ya mashuka, na sanduku linakaa chini ya kitanda, na hakuna anayejua jirani yake ana nguo ngapi za namna hiyo.

Jirani yangu Bi Nyamizi, muuza mkaa, alikuwa na mtoto mmoja, Kapele, fundi simu. Kapele alisimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza kwa nini bomba linatoa maji siku wanazokuja wageni tu. Swali zuri, alipigiwa makofi. Wiki hiyohiyo akasafiri. Alimwachia mama yake mbwa mwekundu aliyekuwa amempa jina la Yatakwisha. Mtendaji wa mtaa, Bwana Sekwao, alikuja siku moja kumuuliza Bi Nyamizi ni nini hasa kitakachokwisha. Bi Nyamizi akamjibu kwamba ni viroboto.

Mimi ni fundi wa mageti. Nami nilikuwa na mbwa, au niseme nilikuwa na mbwa wa mdogo wangu Ntobi, ambaye pia yuko safarini. Naye alilia. Lakini hakuna aliyelia kama Yatakwisha. Huyo ndiye aliyekuwa anaanza, wengine wanaitikia.

*

Wizara ikamleta Dakta Magulumali. Alikuwa amesomea tabia za mbwa ng'ambo, katika nchi za baridi ambako mbwa analala kitandani na bibi kizee mwenye mbwa anafia hospitali peke yake. Alikuja na mkoba wa ngozi, dereva, na shati la mikono mirefu siku ya jua kali. Tulikusanywa uwanjani kumsikiliza.

"Ndugu wananchi," alisema, "mbwa hana kosa. Mbwa analia kwa sababu anadhani yuko peke yake. Sasa ninawauliza, katika nchi hii yuko nani aliye peke yake? Mlezi yuko na kila mtu, saa zote, sebuleni, jikoni, hata msalani. Mbwa asiyelijua hilo ni mbwa ambaye hajaelimishwa na mwenye nyumba."

Tukapiga makofi. Mwenye mbwa aliyekuwa karibu nami alipiga mpaka saa ikamchomoka mkononi.

Dakta akaeleza kwamba kazi yake itafanyika kisayansi, hatua kwa hatua, na kwamba kufikia Sikukuu ya Mlezi mbwa atakayekuwa bado analia atapelekwa Kambi ya Mafunzo. Kambi hiyo tulikuwa tunaijua. Mbwa wa mitaa mingine walikwisha kupelekwa. Hakuna aliyewahi kumwona aliyehitimu.

Jioni ile Bi Nyamizi alinikuta napiga rangi geti la mteja. Akasimama kando, mikono myeusi kwa mkaa, akangoja nimalize upande mmoja.

"Fundi," aliniambia, "wakimchukua huyu mbwa, nani tena atamuulizia Kapele? Mimi nimekatazwa. Wewe umekatazwa. Amebaki yeye."

Nilimjibu kwamba Dakta amesoma, huenda akapata dawa. Akasema, "Haya," kwa namna watu wanavyomwambia mtoto haya, akarudi kwenye mkaa wake.

*

Hatua ya kwanza ilikuwa mazoezi. Dakta alisema mbwa aliyechoka halii. Basi kila Jumamosi kabla ya Shukrani tukawa tunakimbia na mbwa wetu kuzunguka uwanja, wazee wakivutwa na minyororo, akina mama wameshika kanga kwa meno. Kwa muda mfupi mbwa wakajaa vifua. Mapafu yao yakatanuka kama viriba vya mhunzi, na walipoachwa nyumbani wakalia kwa sauti iliyofika kituo cha polisi cha pili.

Hatua ya pili ilikuwa redio. Tuliamriwa kuziacha zikiwa wazi, hotuba za Mlezi zikicheza, ili mbwa ajisikie ana mwenzake. Mbwa walisikiliza kwa heshima mpaka yalipofika makofi. Kwenye makofi wakalia. Kwa bahati mbaya hotuba za Mlezi zina makofi mengi kuliko maneno. Nyumba moja mbwa alitafuna redio yenyewe, na mwenye nyumba akaitwa akaulizwa kama mbwa alikuwa ameshiba, na kama alikuwa ameshiba, basi ni nani aliyemfundisha.

Hatua ya tatu ilikuwa kumzoeza mbwa kuachwa. "Mbwa ajifunze kwamba kila anayetoka hurudi," Dakta alisema. Filimbi ikilia, watu wa mtaa mzima tunatoka nje, tunafunga milango, tunangoja kidogo, tunaingia bila kumsalimia mbwa. Filimbi tena, tunatoka. Bwana Sekwao ndiye aliyekuwa na filimbi. Mzee mmoja alichanganyikiwa akaingia nyumba isiyo yake, akapewa chakula, akasema afadhali.

Na niseme ukweli, ilisaidia. Mbwa wengi walichoka na upuuzi wetu. Ukitoka wanapiga miayo, ukirudi wameshalala. Waliobaki wakilia walikuwa mbwa wa nyumba zenye msafiri tu. Hao hawakujifunza kabisa. Bwana Sekwao alikwenda kwa Bi Nyamizi na filimbi yake shingoni, akamuuliza kwa nini mbwa wa wenzake wameelewa na wake anakuwa mzito.

"Bwana Mtendaji," alisema Bi Nyamizi, "huyu si mzito. Anajua hesabu. Tulikuwa tunatoka humu wawili. Anayerudi kila mara ni mmoja."

Bwana Sekwao akaiangalia filimbi kama vile imeingia uchafu. Hakuwa mtu mbaya. Watu wasio wabaya ndio wanaodumu kazini. Alisema hakusikia vizuri, akaenda nyumba ya pili.

*

Kinachofuata nilisimuliwa na dereva wa Dakta, aliyekuja kwangu kuchomelea bampa.

Dakta aliamua kuchora ramani. Jumamosi moja, sisi tukiwa bondeni tunashukuru, yeye alizunguka juu kwenye nyumba na karatasi kubwa, na kila aliposikia mbwa analia akaweka nukta nyekundu. Akaipeleka wizarani, ghorofa ya juu, kwa mkubwa ambaye jina lake halisemwi. Mkubwa akaitazama sana. Kisha akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa ramani nyingine ya mtaa huohuo, kuukuu, akailaza juu ya ile ya Dakta na kuziinua zote mbili kwenye mwanga. Nukta ziliangukia juu ya nukta. Mkubwa akamuuliza Dakta nani amempa hizo nukta. Dakta akajibu kwamba amepewa na mbwa.

Mkubwa alizifungia ramani zote mbili kabatini, akamwambia Dakta aende nyumbani akapumzike.

Dereva anasema Dakta alitoka mle ndani kwa hasira. Aliamini kwamba kuna msomi mwingine aliyemtangulia kwenye utafiti uleule, aliyeanza miaka mingi nyuma, na kwamba wizara inataka kumpa huyo sifa. Njia nzima alimsimulia yote huku akisema, "Hawatanipora, hawatanipora." Akaapa kupata dawa ya mbwa wale kabla ya sikukuu na kuitangaza mbele ya taifa zima, asiwepo wa kumnyang'anya.

Nilimuuliza dereva kama hakumweleza Dakta ramani ile ya kabatini ni ya nini. Alinitazama, akatazama bampa, akaniuliza kama weldi ile itashika.

*

Dawa aliipata Bi Nyamizi, bila kutaka.

Sikukuu ilikuwa inakaribia. Jumamosi moja, watu wakiwa wanatoka, alivuta sanduku chini ya kitanda akatoa shati la Kapele, la buluu, kola imechakaa, kwenye ncha ya mkono wake pana alama ya kuungua kwa chuma cha kulehemu simu. Akalitandika nyuma ya mlango. Yatakwisha akalinusa mwanzo mpaka mwisho, akalizunguka, akalala juu yake. Hakulia. Na kwa kuwa hakuanza, wengine hawakujua pa kuanzia. Walilia vipande vipande, kama kwaya iliyopotelewa na mwalimu.

Uwanjani wote tulisikia kwamba kuna kitu kimepungua. Bwana Sekwao alipanda mlima na mgambo, akachungulia dirishani kwa Bi Nyamizi, akashuka akamwita Dakta. Dakta naye akachungulia. Dereva anasema alilia machozi. Ilikuwa imo kitabuni mwake tangu mwanzo: mbwa hutulia apewapo nguo ya mtu anayemkosa.

Wangeiachia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Kila mtu angevuta sanduku lake kimyakimya, mbwa wangelala, Mlezi angekunywa chai yake. Lakini katika nchi hiyo jambo lisilo na muhuri halijafanyika, hata kama limefanyika. Likatoka agizo kwamba Shukrani ya mkesha wa sikukuu, kila nyumba yenye mbwa anayelia ilete uwanjani mbwa pamoja na nguo moja ya mtu ambaye mbwa anamkosa. Nguo itakaguliwa, itapigwa muhuri, na hapo ndipo itakapoweza kuachwa ndani kihalali. Mbwa asiye na nguo yenye muhuri atapanda lori la kambi siku hiyohiyo.

Gengeni watu walibishana kwa sauti ya chini. Mmoja alisema ni mtego. Wa pili akasema mtego hauji na muhuri. Wa tatu akasema mitego yote aliyowahi kuiona ilikuwa na muhuri. Mwishowe wakakubaliana kwamba agizo ni agizo. Sisi tumelelewa kufanya tulichoambiwa, bila kupunguza wala kuongeza, na huko wizarani hakuna aliyewahi kukaa akafikiri itakuwaje siku tukifanya wote kwa pamoja.

Nilimwambia Bi Nyamizi asijisumbue kichwa. Waseme wasemavyo, yeye ataulizwa Kapele yuko wapi, atajibu amesafiri, atapigiwa muhuri, atarudi na mbwa wake, basi.

"Nimelisema mara ngapi hilo, Fundi," alisema. "Halinishindi."

*

Nilikuwa nadhani tutakuwa wachache. Mimi, Bi Nyamizi, mzee Ihonde wa kona, na labda wengine wa kule ng'ambo ya mfereji.

Watu walishuka kutoka pande zote za mlima wakiwa na mbwa mkono mmoja na nguo mkono wa pili, wamezikunja vizuri kama wanakwenda harusini. Dakta akaona mikunjo itamzuia kukagua. Akaamuru nguo zitandikwe chini, kila moja na nafasi yake, na mbwa wafunguliwe. Tukatandika. Mashati, jezi ya mpira, koti la sherehe, gauni la muuguzi, kanga, sare ya shule ya msichana. Nguo ambazo hazikuwa zimeona jua tangu wenyewe waondoke zilifunika uwanja kutoka goli mpaka goli. Mbwa wakapita katikati, pua chini, hawagombani, kila mmoja akatafuta yake akalala.

Hapakuwa na sauti yoyote. Spika zilikuwa zinanguruma kidogo peke yake. Bwana Sekwao alikuwa amesimama jukwaani, mahali pa juu, na ukitazama kutoka pale ulikuwa huoni nguo. Ulikuwa unaona watu wamelala. Nilimwona anavua kofia, halafu akakumbuka, akaivaa tena.

Ilikuwa zamu yetu redioni. Dakta alikuwa ameiomba mwenyewe, taifa lisikie jinsi mbwa walivyonyamaza. Karani mwenye muhuri alikaa kivulini, mbali, na kwa kuwa hakuweza kusikia, ikaamuliwa kila mtu aje kwenye maiki, aseme jina la mvaaji wa nguo na mahali alipo.

Mzee Ihonde akatangulia. "Lugano Ihonde," alisema. "Amesafiri." Muhuri ukagonga. Mtangazaji wa redio, mtu mwenye sauti ya sherehe, akasema hongera sana mzee. Akaja mwingine, akataja jina, amesafiri. Hongera sana. Mwingine, majina mawili, ndugu wa tumbo moja, wamesafiri. Hongera. Majina yakaendelea kuja, na baada ya muda mtangazaji akaacha kusema hongera, na baadaye akaacha kusema lolote. Ilikuwa kama kusikiliza mwalimu akiita majina ya darasa na hakuna mtoto anayeitika.

Bwana Sekwao akamwinamia Dakta sikioni. Maiki ilikuwa karibu, kwa hiyo wote tulisikia.

"Daktari, tuishie hapa."

"Sayansi haiishii katikati, Bwana Sekwao," Dakta alisema.

Akafika Bi Nyamizi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Dakta alimfurahia, akamshika bega akamgeuzia watu.

"Huyu ndiye mama wa utafiti wangu," alisema. "Kwake ndiko yote yalikothibitika. Mama, usiwe na haraka. Liambie taifa, mvaaji wa shati hili ni nani, na yuko wapi?"

"Kapele," alisema Bi Nyamizi. "Ni mwanangu."

Nilimwona mgongo unapanda na kushuka. Bwana Sekwao akasogea, akamsemesha kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka maji.

"Mama Kapele, sema amesafiri. Upigiwe muhuri, uende nyumbani na mbwa wako."

"Viatu vyake viko nyumbani," alisema Bi Nyamizi.

Dakta hakuelewa. Akamwambia viatu havihitajiki, shati linatosha.

"Ana jozi moja tu. Iko mlangoni tangu siku ile. Mtu gani anasafiri pekupeku?"

Alilisema kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba mkaa umekwisha. Na siku ya Jumamosi hakuna redio inayozimwa katika nchi hiyo, ni kosa kuizima. Kwa hiyo walisikia jikoni, walisikia gereji, walisikia kambini kwa askari, walisikia kwenye meza ya chai.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, bila kuulizwa, kwamba wa kwake aliacha miwani, na bila miwani haoni hata ukuta. Mwanamume akasema wa kwake aliacha dawa ya pumu. Mwingine akasema wa kwake aliacha bakuli la uji linafuka moshi. Walikuwa hawapigi kelele. Walikuwa wanaambiana, kama watu waliokutana kisimani.

Spika zikakoroma, zikakatika. Kisha yakaanza matarumbeta ya bendi ya polisi.

Ilikuwa zamu yangu. Maiki ilikuwa imekufa, na karani alikuwa anautazama muhuri wake kana kwamba hajawahi kuuona. Lakini nilikuwa nimepanga foleni. Nikasogea nikasema jina la Ntobi. Hakuna aliyelisikia isipokuwa mbwa wake. Aliinua kichwa kutoka kwenye koti, akatazama nyuma yangu.

*

Usiku redio ilitangaza kwamba Shukrani ya mtaa wetu iliahirishwa kwa sababu ya mvua kubwa. Kesho yake vumbi lilikuwa linafika magotini na watu wakatoka na miamvuli. Idara ya hali ya hewa ikaomba radhi kwa ukame iliokuwa imeutabiri.

Kwa kuwa Shukrani haikufanyika, mihuri nayo ikaonekana haikupigwa. Malori yalikuwa yamekwisha kuja, mbwa wakapakiwa, wenye nguo na wasio na nguo. Yatakwisha alibebwa na watu wawili kwa sababu alikataa kuinuka kwenye shati. Nguo zikakusanywa, maana zilikuwa zimelowa, na zikakaushwa kwa moto palepale uwanjani, mpaka zikawa majivu.

Dakta Magulumali akasafiri. Dereva wake anasema safari hiyo haikuhitaji dereva. Bwana Sekwao alipandishwa cheo, sasa yuko wizarani, ghorofa isiyo na dirisha, na akipita mtaani hasalimii mtu yeyote kwa jina.

Bi Nyamizi walimfuata Jumatatu. Alikuwa anampimia mteja mkaa, debe limefika nusu, yuko pekupeku kama kawaida yake akiwa kazini. Wanaume wawili wenye adabu wakamwamkia shikamoo. Aliwaomba anawe mikono. Walimwambia haina haja, huko aendako kuna maji. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, geti la mtu mbele yangu. Niliona gari, kisha nikaona vumbi. Mteja alisimama na gunia lake tupu, akaniuliza sasa nani atampa mkaa wake.

Hakuwa na ndugu, kwa hiyo majirani walikuja kwangu. Waliketi kwenye vyuma vyangu, wakasema, "Safari njema kwake." Ilinipasa mimi kujibu. Nikasema asante. Neno la pili halikutoka, nao hawakulingoja. Tulizungumzia bei ya unga.

Sasa Jumamosi mlima wote umenyamaza. Tunashukuru na hakuna kinachotuitikia. Inasemekana Mlezi juzi aliweka tena kikombe chini akauliza, "Mbona huko kumekuwa kimya hivyo?" Mawaziri bado wanalishughulikia. Wameshaanza kutuma watu, wanapita kwenye milango yetu tukiwa uwanjani, wanatega sikio.

Gharama ya kimya hicho ilikuwa hii. Mbwa wa wasafiri, wote. Nguo za wasafiri, zote, hata kifungo hakikubaki. Daktari wa mbwa mmoja. Muuza mkaa mmoja, na nusu debe ambayo mteja hakuichukua. Vimebaki viatu. Vya Kapele na vya mama yake nilivitoa mlangoni kwao nikaviweka kwangu, kando ya vile vya Ntobi. Jozi tatu.